Nasaha kwa Klabu ya Vijana Watakaorusha Roketi Marangu

Katika kazi zote ambazo klabu ya sayansi yaweza kujipa kwa gharama ndogo, ni chache mno zinazokusanya pamoja useremala, hisabu, elimu ya hewa na nidhamu ya kikundi kama ilivyo kazi ya kuunda roketi ndogo kwa mikono na kuijaribu kwa kuirusha. Na kwa kuwa katika Marangu na Vunjo yote hakuna upungufu wa vijana wenye shauku ya mambo haya, ila aghalabu hukosa mtu mzima wa kuwaonyesha pa kuanzia, nimeona ni wajibu kuandika nasaha hizi kwa tafsili, ili kijana anayetaka kuanza aanze kwa njia iliyo salama, mwalimu ajue atakalosimamia, na mzazi mwenye hofu apambanue lipi linastahili kuhofiwa na lipi halina madhara. Yote nitakayosema yamesimama juu ya jambo moja, nami nalitaja mapema lisije likapotea katikati ya maneno ya chupa na pampu: klabu irushe roketi ili ipime, na kila chombo kiendacho juu kiwe kimetanguliwa na swali lililokwisha kuandikwa daftarini, hata kikishuka kiwe kimeleta jibu.

Tuanze na moto, maana ndiko vijana wanakoanza. Roketi ikitajwa, fikira za kijana hukimbilia mwali na moshi, na haupiti muda kabla hajauliza ni dawa ipi huchanganywa na ipi hata ukapatikana unga wa kuwaka. Na jawabu langu kwake, ambalo sitalilegeza kwa hali yoyote, ni kwamba unga huo usichanganywe kabisa, si jikoni, si bandani, si katika maabara ya shule mwalimu akiwa hayupo, wala akiwapo. Wamarekani walilijua hili kwa gharama kubwa. Baada ya Warusi kurusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wengi wa Marekani walianza kushindilia mabomba ya chuma baruti za kujitengenezea, na wako waliopoteza vidole, macho, hata uhai. Na kilichowanusuru waliokuja nyuma yao ni kazi ya watu wachache kama Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk katika jimbo la Nebraska, aliyebuni mwaka 1954 roketi ya karatasi na mbao nyepesi, na G. Harry Stine, aliyeieneza roketi hiyo pamoja na kanuni zake za usalama, ambazo kubwa yao ni kwamba kijana asijitengenezee fueli wala asitumie mwili wa chuma, bali anunue injini ndogo iliyoundwa kiwandani. Injini hizo kwetu ni adimu, na sheria ya nchi haimruhusu mtu kutengeneza baruti wala kuiweka nyumbani pasipo leseni.

Fauka ya sheria, upo mlima wenyewe wa Kilimanjaro. Watu wa Marangu hawajausahau moto uliozuka mwezi wa Oktoba 2020 katika eneo la Whona, kwenye njia hii hii ya wapandaji ianziayo kwetu, baina ya vituo vya Mandara na Horombo, ukateketeza nyasi na vichaka kwa siku nyingi huku mamia ya watu wakipanda kuuzima. Na anayejua jinsi majani yanavyokauka katika miezi hiyo, juu mlimani na chini kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa, hatahitaji kuambiwa mara ya pili kwa nini kitu kitokacho moto nyuma yake kisirushwe hewani na watoto.

Basi roketi ya klabu iende kwa maji. Chupa ya plastiki hutiwa maji kiasi, hupinduliwa mdomo chini, hujazwa hewa kwa pampu, kisha hufunguliwa ghafla. Hewa iliyobanwa huyasukuma maji yatoke kwa nguvu kwenda chini, na maji nayo, kwa kanuni ile ya Newton inayosomwa katika kila shule ya sekondari, huisukuma chupa kwenda juu. Asidhani mtu kwamba hii ni roketi ya bandia. Hewa ikifikia ratili 60 kwa inchi ya mraba, maji hutoka mdomoni kwa mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa, na msukumo wa mwanzo hukaribia uzito wa kilo 30, ilhali chombo chenyewe pamoja na maji yake hakifiki kilo moja. Kazi yote ya kuyatoa maji humalizika katika muda wa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na baada ya hapo chupa tupu hupanda kwa kasi iliyokwisha kuipata, mita 30 au zaidi, mpaka uzito na upinzani wa hewa viishinde. Kila swali linalowashughulisha wahandisi wa roketi kubwa, la uzito, la msukumo, la utulivu wa chombo na la kukirudisha salama, limo ndani ya chupa hiyo.

Wala yasidhaniwe kuwa haya ni mambo ya kuazima kutoka mbali. Ngomeni, karibu na Malindi, ambayo ipo takriban digrii 3 kusini ya ikweta kama ilivyo Marangu, ndipo Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio waliposimamisha majukwaa yao ya San Marco baharini, na kutoka hapo setilaiti 9 zilirushwa baina ya mwaka 1967 na 1988. Mojawapo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru; ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutazama mionzi ya eksirei itokayo mbinguni, na kilichobaki mikononi mwa wanazuoni baada ya moshi wake kutawanyika ni orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo, vilivyopimwa kimoja kimoja. Na huko Tunguu, kisiwani Unguja, kilikuwapo kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tunguu haikurusha kitu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyosema naye na kupokea hesabu za chombo chake. Kwa hiyo kijana wa klabu anayepewa daftari na saa badala ya kamba ya kufyatulia asinung'unike.

Sasa tuje kwenye mahali na wakati, ambavyo kwa Marangu vina uzito kuliko vilivyo kwa watu wa nchi tambarare. Marangu ni nchi ya vihamba. Nyumba, migomba, mibuni na migrevilea vimesongamana bega kwa bega, na chupa ikichukuliwa na upepo hatua chache tu huwa imekwisha kuangukia paa la mtu au ng'ombe wake. Uwanja wa mpira wa shule unafaa kwa majaribio ya mwanzo yenye hewa kidogo, mradi usipakane na barabara wala nyaya za umeme. Na hapa naomba nieleweke vizuri, kwamba chupa iliyonasa kwenye waya wa umeme imekwisha kupotea, na mtoto yeyote asiitungue kwa mti wala jiwe wala kuupanda mlingoti kwa ajili yake. Klabu ikishakuwa na ujuzi, ishuke kwenye mashamba ya porini, kuelekea Himo, baada ya mahindi kuvunwa, ambako macho hufika mbali na hakuna wa kudhuriwa. Mwenye shamba aombwe ruhusa mapema na mtu mzima, tena kwa adabu za kwetu: aendewe nyumbani, aelezwe kitakachofanyika, aalikwe kuja kutazama, na baada ya kazi shamba lake liachwe bila ya kipande cha plastiki. Mwenyekiti wa kitongoji naye ajulishwe. Meku, yaani mzee wa kwetu, aliyeombwa vizuri huwa mlinzi wa klabu mbele ya majirani, na aliyevamiwa huwa na haki ya kuifukuza.

Kwa wakati, nachagua asubuhi ya Jumamosi, baina ya saa moja na saa tatu. Jua likishapata nguvu, hewa iliyo juu ya miteremko hupata joto, huanza kupanda kuelekea mlimani, na upepo huo, usiosikika sana usoni mwa mtu aliyesimama kati ya migomba, huisukuma chupa nyepesi mbali na ilikotarajiwa. Ndio huo huo unaopandisha mvuke na kukifunika kilele cha Kibo kwa mawingu kabla ya adhuhuri. Asubuhi mapema hewa aghalabu hutulia na mlima huwa wazi. Ikisikika helikopta, kama zile zinazochukua wagonjwa mlimani, kazi isimame mpaka ipite.

Chupa iwe ya soda, ya lita moja na nusu au mbili. Chupa ya maji ya kunywa haifai hata ikiwa nzuri namna gani, kwa sababu ya soda imeundwa kustahimili gesi na ya maji haikuundwa hivyo. Kabla ya kuchaguliwa, kila chupa iinuliwe kwenye mwanga na kugeuzwa polepole: ikionekana na mkwaruzo wa kina, au ule mstari mweupe unaobaki mahali plastiki ilipokunjika, itengwe, kwa maana hapo ndipo itakapopasuka. Isioshwe kwa maji ya moto, kwani hunywea na kupoteza umbo. Isitobolewe, isipigwe msasa, wala isipakwe gundi kali za kushika papo kwa papo, ambazo huidhoofisha plastiki bila ya dalili kuonekana. Mapezi na bandiko lingine lolote yashikwe kwa utepe mpana wa kufungia maboksi.

Mapezi yenyewe, matatu au manne, yakatwe kwenye boksi gumu au plastiki ya ndoo iliyovunjika, yote kwa kipimo kimoja, na yabandikwe karibu na mdomo, yaani upande utakaokuwa chini, yakiwa yamenyooka sawasawa. Ncha ya juu iwe laini: kipande cha mpira wa tenisi uliochakaa, au magazeti yaliyolowekwa na kufinyangwa, na ndani yake udongo kidogo wa kuongeza uzito. Chuma, mti uliochongwa na kigae vimekatazwa nchani, kwa sababu chombo kitakachopanda kitashuka, na klabu haijui bado kitamshukia nani.

Udongo huo wa nchani una kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Roketi huenda sawa ikiwa mahali panapolingana uzito wake pako mbele ya mahali panapokusanya nguvu za hewa zinazoisukuma ubavuni. Mapezi hupavuta hapa pa pili nyuma, na udongo hupavuta pale pa kwanza mbele. Kulijua hili pasipo hesabu kuna njia ambayo klabu isiache kuitumia kwa kila chombo kipya. Chupa tupu yenye mapezi na ncha yake isawazishwe juu ya kidole mpaka itulie, ifungwe uzi hapo iliposawazika, kisha kijana aizungushe juu ya kichwa chake kwenye uwanja mtupu, wenzake wakiwa mbali. Ikitangulia kwa ncha na kushika njia yake, itakwenda sawa hewani. Ikipinduka-pinduka au ikatangulia kwa mkia, iongezwe udongo nchani au mapezi makubwa zaidi, na izungushwe tena. Nimewaona vijana wakilidharau jaribio hili kwa kuwa wana haraka ya kurusha, na chupa zao zikageuka njiani na kuwarudia kwa kasi. Walioufuata uzi walitazama zao zikinyooka.

Jukwaa la kurushia halihitaji mali nyingi. Ubao mpana uliopigiliwa chini kwa vigingi, kizibo cha mpira kilichokaza vizuri mdomoni mwa chupa na kutobolewa katikati, na katika tundu hilo kijibomba chembamba kinachopanda ndani ya chupa hadi juu ya maji, ndivyo vitu vya msingi. Chini ya ubao kijibomba huungana na mpira mrefu, si chini ya mita 5, unaokwenda mpaka kwenye pampu. Valvu ya tyubu kuukuu, ambayo fundi baiskeli yeyote wa Marangu Mtoni atakupa, ikae upande wa pampu, na baina yake na chupa iwekwe koki ndogo ya kutolea hewa. Kisha pana suala la kuizuia chupa isiondoke kabla ya amri. Itazame shingo ya chupa ya soda: chini ya hesi za kifuniko umeizunguka ukingo mwembamba wa plastiki, na chupa ikipinduliwa, pini ya waya mnene iliyopindwa mfano wa herufi U, ikipita kwenye matundu ya vibao viwili vilivyosimamishwa ubavuni, hulala juu ya ukingo huo na kuikamata barabara. Pini hufungwa kamba ndefu kama ule mpira. Ikivutwa, chupa huondoka.

Kabla chupa haijarushwa hata mara moja, ipimwe uthabiti wake, na ipimwe ikiwa imejaa maji pomoni. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa iliyojaa maji ikishindwa huvuja na kutulia, ilhali iliyojaa hewa ikishindwa hupasuka kwa kishindo na kutupa vipande. Ijazwe maji, ipandishwe mpaka ratili 80, iachwe kwa muda mfupi, na ikivumilia ndipo iruhusiwe kuruka kwa ratili zisizozidi 60. Wanaoanza waridhike na 40. Pampu isiyokuwa na geji isitumike kabisa, maana mikono ya kijana aliyechangamka haijui kuhesabu.

Siku ya kurusha awepo mmoja mwenye amri, na neno lake lisipingwe. Watazamaji wakae nyuma ya kamba iliyotandazwa, mita 20 au zaidi kutoka jukwaani, upande upepo unakotokea. Anayepampu na anayevuta kamba wavae miwani ya kukinga macho. Chupa ikishaingia hewa, hakuna anayeisogelea kwa sababu yoyote. Pini ikikwama, koki ifunguliwe kwanza, hewa yote itoke, geji isome sifuri, ndipo mtu asogee. Na kabla ya kuvuta kamba, mwenye amri atazame juu na pande zote, aseme kwa sauti, ahesabu kurudi nyuma, na kila mtu awe amesimama na macho yake juu, maana aliyeketi hawezi kukimbia. Mwalimu atakayeona kanuni hizi zimeanza kulegea, hata kwa jambo dogo, afunge kazi siku ile ile na watu warudi nyumbani.

Chupa ikiokotwa upesi baada ya kuanguka, kijana mwenye macho makali ataona ndani yake ukungu mweupe umetanda. Asipitwe na jambo hilo. Hewa iliyokuwa imebanwa ilitanuka ghafla, na hewa inayotanuka hupoa, na mvuke uliomo ukageuka matone madogo. Hayo hayo ndiyo yanayotokea kila siku juu ya vichwa vyetu, hewa yenye unyevu inapopanda miteremko ya Kilimanjaro, ikakuta shinikizo dogo, ikatanuka, ikapoa, na kuwa wingu. Mwalimu wa jiografia ahudhurie siku ya kurusha, kama hana sababu nyingine basi kwa ajili ya hili.

Nimefika kwenye kupima, na hapa nitakawia, kwa sababu ndipo klabu nyingi zinapoishia. Urefu wa kupanda hupatikana kwa protrakta, uzi, na nati ya kuuvuta uzi chini, vikifungwa kwenye kijibomba chembamba cha kuchungulia. Mpimaji husimama umbali unaojulikana kutoka jukwaani, tuseme mita 50, huifuata roketi kwa kijibomba mpaka ikome kupanda, hubana uzi kwa kidole na kusoma pembe. Pembe ya mwinuko ikiwa digrii 35, kitabu cha majedwali kitampa tanjenti 0.70, nayo ikizidishwa kwa 50 hutoa mita 35, na akiongeza mita moja na nusu za kimo cha jicho lake, roketi imefika mita 36 na nusu. Wawepo wapimaji wawili, pande mbili zinazokabiliana, na hesabu zao zigawanywe katikati, kwa kuwa roketi ikimwinamia mmoja humkimbia mwingine. Wakitofautiana mno, jaribio hilo liandikwe lakini lisihesabiwe.

Lakini kanuni hii imeandikwa kwa nchi tambarare, na Marangu hakuna nchi tambarare. Mpimaji aliyesimama chini ya mteremko huiona roketi juu zaidi kuliko ilivyopanda kutoka jukwaani, na aliye juu ya mteremko huiona chini zaidi, na makosa hayo huwa makubwa kuliko tofauti wanazozitafuta. Dawa yake wazee wetu walikwisha kuichimba ardhini. Mfongo, ule mfereji wa maji unaoukata mteremko kutoka kihamba hadi kihamba, hushuka kidogo sana katika mwendo wake, kwani waliouchimba walitaka maji yatembee bila ya kuula udongo. Kwa hiyo jukwaa likiwekwa kando ya mfongo, na wapimaji wakipanga mita zao 50 kwenye ukingo wake, mmoja upande wa maji yanakotoka na mwingine yanakokwenda, watakuwa karibu kabisa katika usawa mmoja. Pasipo na mfongo, klabu ijitengenezee pima-maji kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kama wanavyofanya waashi wanapopanga msingi.

Swali la kwanza la kupima, ambalo napendekeza kila klabu ianze nalo, ni la kiasi cha maji. Kwa chupa ya lita mbili, chupa ile ile, mapezi yale yale, ratili zile zile, warushe bila ya maji, kisha kwa mililita 300, 600, 900 na 1,200, na kila kiasi kirudiwe mara kadhaa, maana jibu la mara moja si jibu. Bila ya maji chupa hukosa kitu kizito cha kuitupia nyuma. Maji yakizidi, hewa iliyobaki huwa haba na huishiwa nguvu kabla hayajatoka, na chupa ikabeba mzigo wake. Baina ya hayo mawili kipo kiasi kilicho bora, aghalabu karibu na theluthi moja ya chupa, lakini wasiambiwe kabla. Wachore grafu, na mstari ulioinuka na kuinama uwaambie wenyewe. Nataka nisisitize kwamba katika jaribio moja kibadilishwe kitu kimoja tu. Kijana atakayebadilisha maji na mapezi kwa pamoja, na roketi ikaenda juu zaidi, hatajua amshukuru nani.

Yako maswali ambayo Marangu imejaliwa kuliko mahali pengine. Kwa kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban sehemu moja ya saba, na chombo kinachopita katika hewa nyepesi hupingwa kidogo zaidi. Je, roketi ya Marangu huishinda ya Tanga kwa ratili zile zile? Klabu na iandikiane na shule ya pwani, wakubaliane aina ya chupa, uzito, mapezi na maji, na kila upande urushe mara nyingi. Natahadharisha kwamba tofauti itakuwa ndogo, na yamkini ikafichwa na makosa ya wapimaji. Na kazi ya kuipunguza mikanganyo hiyo mpaka tofauti ijitokeze, au kukiri kwa uaminifu kwamba haikujitokeza, ni elimu ambayo kijana hataipata kwa kusoma peke yake.

Kuhusu kushusha salama nitasema kwa ufupi. Mwavuli wa kushukia ukatwe kwenye kitambaa cha mwavuli wa mvua ulioharibika, kwa kuwa mifuko ya plastiki imekwisha kupigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kitambaa hicho kwa vyovyote ni imara kuliko mfuko. Ukunjwe chini ya ncha iliyokaa bila ya kubana, ili roketi inapokoma kupanda na kuinama, ncha ianguke na mwavuli uchomoke. Utashindwa mara nyingi kabla ya kufaulu.

Katika uendeshaji wa klabu, zamu zizunguke. Nimeona mara kwa mara wasichana wakipewa kalamu na wavulana wakipewa pampu, na hali hiyo ikaendelea mwaka mzima pasipo mtu kuiuliza. Kila mwanachama, awe nani, apite katika kuunda, kupampu, kupima, kuandika na kutoa amri, na jina la aliyefanya kila kazi liandikwe pamoja na tarehe, hali ya upepo, ratili, maji na urefu. Daftari liwe la shule, lisiwe la mtu, na lifungiwe kabatini, ili wanafunzi wa kidato cha nne wakiondoka wanaobaki waanzie walipofikia wenzao. Kila chupa ipewe namba, na idadi ya safari zake iandikwe; ikianza kuonyesha weupe shingoni au tumboni, istaafishwe hata kama bado yaruka vizuri. Wazazi waalikwe mapema katika mwaka, nao wazungushe uzi wao wenyewe juu ya kichwa, kwa sababu mzazi aliyeshiriki hutoa nauli ya kwenda kwenye maonyesho bila ya kubembelezwa.

Na maonyesho yapo. Young Scientists Tanzania, yaliyofanywa kwa mara ya kwanza Dar es Salaam mwaka 2012, huwapokea wanafunzi wa sekondari wenye utafiti wao, na klabu yenye daftari la mwaka mzima, grafu zake na makosa yake yaliyoelezwa wazi, ina cha kuwaeleza waamuzi kuliko yenye chupa iliyopakwa rangi. Wale watakaotamani injini za moto wasizuiwe kutamani, ila waonyeshwe njia yake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja, wamekwisha kurusha roketi zao za fueli kavu katika mradi wao wa Nakuja, wakiwa na wahadhiri, karakana, na utaratibu wa kuijaribu injini ikiwa imefungwa chini kabla ya kuiruhusu kupanda. Na kwetu Tanzania, yeyote atakayetaka kufika kimo hicho atahitaji chuo cha kumsimamia, leseni ya fueli yake, na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yenye dhamana ya anga lote, likiwamo hili linalopitiwa na ndege ziendazo uwanja wa KIA.

Kabla ya kufika huko, maswali ya chupa hayajaisha. Mdomo ukipunguzwa upana kwa kifuniko kilichotobolewa, maji hutoka taratibu zaidi: je, chombo hupanda zaidi au hupungukiwa? Mapezi matatu yana faida gani juu ya manne? Maji yaliyokolezwa chumvi ni mazito kuliko ya mfongo: uzito huo unasaidia, au unalemea? Klabu iyapange kwa zamu, na ianze na la mdomo, maana hilo halihitaji kununua kitu.